Pole ya Taifa kwa Mama Gudrun

Mlio mbali sogeeni mnisikilize. Mlio karibu jifanyeni hamsikii, ndivyo tulivyoagizwa. Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, kwa kuwa kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi inayotoa kibali imefungwa toka mwenye ufunguo alipopandishwa cheo. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina pwani, ina mlima, ina wanyama wanaokubali kupigwa picha, na juu ya lango la uwanja wa ndege yameandikwa maneno ya wahenga: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na tulikuwa tunapona kwelikweli. Mtalii alishuka kwenye ndege na kamera, saa na viatu vya kupandia mlima. Alipanda kurudi kwao na ndala na hadithi. Wageni waliojenga kabisa kule Mtaa wa Upepo Mwanana, wale wastaafu waliokuja kumalizia uzee wao juani, nao waliibiwa kwa zamu, nyumba hii leo, ya jirani wiki ijayo, kwa mpangilio ambao ningefurahi kuuona hospitalini. Hakuna aliyerukwa. Hakuna aliyependelewa.

Basi nchi za hao wageni zikaanza kunung'unika, na Baraza la Mawaziri likakaa. Waziri mmoja kijana alipendekeza wezi wakamatwe. Akaulizwa kama ana ugomvi binafsi na mtu, akasema hana, akaombwa akae chini. Ndipo aliposimama Mheshimiwa Ngwamba, Waziri wa Wageni, mtu mwenye sauti nene na leso tatu.

"Ndugu zangu," akasema, "wizi ulikuwapo kabla ya serikali hii na utakuwapo baada yake. Tusishindane na mkubwa wetu. Lakini nimetembea Ulaya, nimeona kwa macho yangu. Kule mtu akiibiwa anapewa karatasi akapeleke bima. Karatasi! Hakuna anayemshika mkono. Hakuna anayekuja kukaa naye. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tutafanya lile ambalo Ulaya hawaliwezi: tutaupa ufa pole."

Mawaziri walipiga meza mpaka glasi zikaanguka. Siku hiyohiyo ikaundwa Idara ya Pole ya Taifa, ikapewa kwaya, mikeka, masufuria, wapishi, msafara wa magari na waliaji. Mimi ni mmoja wao. Mliaji wa Serikali, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza wanalia kwa mabalozi.

Sitaki mnidharau. Kazi hii ni ngumu, tena ina ufundi wake. Mgeni akishaibiwa, tunafika nyumbani kwake, tunatandika mikeka, tunakaa matanga kama ada yetu ilivyo: wanaume nje, wanawake ndani, sufuria jikoni kwake, kwani msibani watu hula. Kwaya inaimba, mimi nalia, Mheshimiwa anahutubia. Nimemlilia daktari mmoja wa meno na mkewe kwa ajili ya gari lao mpaka wakaacha kusikitika wakaanza kunibembeleza mimi. Yule mke aliniletea maji ya sukari. Hadi leo nikimkumbuka namwombea heri.

Tatizo letu lilikuwa moja tu, kuchelewa. Mara nyingi tulifika na masufuria tukakuta mgeni ameshapanda ndege kwa hasira, nyumba tupu, na pilau haina pa kuliwa. Tulikula vivyo hivyo, lakini kwa majonzi. Mheshimiwa Ngwamba akachukia. Akaagiza kuanzia sasa pole iwahi. Na kuwahi hakukuwa na ugumu wowote, kwa kuwa wezi wa Upepo Mwanana walikuwa watu wa mpangilio, na kila mtu katika nchi, pamoja na Kamanda wa Polisi, alijua nyumba inayofuata.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Mama Gudrun.

*

Mama Gudrun alikuwa mwalimu mstaafu wa muziki. Mumewe alipofariki, aliuza kila kijiko alichokuwa nacho kwao, akaja kujenga nyumba ndogo yenye baraza inayotazama maji. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha polepole, kila neno amelipangusa kwanza. Sebuleni aliweka piano nyeusi, kubwa, iliyokuja kwa meli, na alasiri aliwafundisha watoto wa mtaa wa nyuma kuipiga. Getini alikuwapo mlinzi wake, Mgaza, mtu mfupi, mwembamba, mwenye mgongo uliopinda kwa maradhi ya zamani, ambaye alisalimia kila apitaye, hata mbuzi.

Tulifika mchana kweupe, msafara mzima. Mpiga picha wa televisheni ya taifa alitangulia kwa kurudi kinyumenyume, akaingia kwenye maua. Kwaya ilianza kuimba kabla geti halijafunguliwa. Mimi nilianza chini kwa kwikwi, kama tunavyofundishwa, nikapanda taratibu. Tulipofika barazani nilikuwa nimelowa mpaka kola. Mama Gudrun alitoka na miwani puani na kitambaa cha vumbi mkononi.

"Pole sana, mama," akasema Mheshimiwa Ngwamba, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Taifa zima linalia na wewe."

"Ahsante," akasema Mama Gudrun. "Kwa nini?"

"Kwa kuibiwa."

"Lakini mimi sijaibiwa."

Kwaya ilikuwa katikati ya ubeti wa pili. Sauti ya tatu ilinyamaza, ikafuata ya pili. Mimi nilibaki nikilia peke yangu kwa muda, kwa kuwa sheria ya kazi hairuhusu kukata kilio ghafla.

"Tazama vizuri, mama," akasema Mheshimiwa kwa upole. "Wakati mwingine mtu hachelewi kugundua, anachelewa kukubali."

Mama Gudrun akaingia ndani, akatazama, akarudi. "Kila kitu kipo."

Hapo Mgaza akasogea kutoka getini. Laiti angebaki hukohuko! Alisimama akanyoosha mgongo wake kadiri ulivyokubali, akasema kwa fahari iliyonitia aibu hata mimi, "Mheshimiwa, shikamoo. Toka mimi nishike lindo hapa, hakijatoka hata kijiko. Waulize majirani. Wao wameibiwa wote, hapa bado. Nipo macho."

Mheshimiwa akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamvuta pembeni Kamanda wa Polisi, na kwa kuwa kilio changu kilikuwa kimeshuka hadi kwikwi, nilisikia kila neno.

"Wezi wako wapi?"

"Wako msibani, Mheshimiwa. Mama mzazi wa kiongozi wao amefariki. Wamekwenda wote kuzika. Siwezi kuwalaumu, yule bibi alikuwa mtu wa watu."

"Na mimi nifanye nini na pole hii?"

Kamanda akatazama viatu vyake, nasi sote tulijua kwa nini. Msikilizaji wa nchi nyingine huenda hajui, kwa hiyo nitamweleza. Kwetu pole haibebwi ikarudishwa. Ukienda na pole kwa mtu, ni lazima uiache hukohuko. Ukirudi nayo, inaingia nyumbani kwako na msiba wake. Hata watoto wadogo wanajua. Mheshimiwa Ngwamba ana shahada mbili za ng'ambo, lakini ana mama, ana watoto, ana nyumba mpya yenye ghorofa. Alitokwa na jasho, akamaliza leso ya kwanza.

"Mama," akasema aliporudi, "itabidi tukuibie. Kidogo tu. Kiungwana."

Mama Gudrun akacheka, akidhani ni utani wa kwetu. Akaingia jikoni akaleta kijiko cha chai. "Haya, chukueni hiki."

"Serikali haitoi pole ya kijiko," akasema Mheshimiwa, naye hakucheka. Alikuwa anatazama sebuleni. "Tutaazima ile piano. Ijumaa itakuwa imerudi, tena imefutwa vumbi. Wewe utaiambia televisheni neno moja tu, kwamba umeibiwa. Pole itakuwa imepata pa kukaa, nasi tutaondoka kwa amani. Usitutie mkosi, mama. Sisi ni wageni wako leo."

Nadhani neno lile ndilo lililomshinda. Mama Gudrun alikuwa mtu wa adabu, na aliyekaa kwetu muda mrefu hujifunza kwamba kumwambia mgeni hapana ni kumfukuza. Wapishi walikuwa wameshawasha moto jikoni kwake. Akatazama piano, akatazama umati ule wote kwenye mikeka, akageukia kamera.

"Nimeibiwa," akasema.

Nililia vizuri siku ile. Kwaya nzima iliibeba piano mpaka kwenye lori, huku ikiimba. Pilau ilikuwa na viungo vya kutosha, na Mgaza mwenyewe ndiye aliyetupakulia.

*

Sasa, palipo na wizi pana mwizi; hilo ni hesabu ya darasa la kwanza. Wageni wa Upepo Mwanana walipoona kwenye televisheni kwamba hata nyumba iliyolindwa imeibiwa, wakanung'unika upya, mabalozi wakaomba kujua ni nani. Kamanda alijikuna. Wezi halisi bado walikuwa matangani, na kumkamata mfiwa ni ukosefu wa utu. Mheshimiwa akauliza, "Nani alikuwapo?" Kamanda akasema, "Sisi." Mheshimiwa akauliza tena, "Nani mwingine?"

Mgaza alikamatwa akiwa anamwagilia maua yaliyokanyagwa na mpiga picha. Aliwauliza askari kama anaweza kufunga bomba kwanza, maji yasipotee. Walimruhusu.

Mama Gudrun alikuja mbio wizarani siku hiyohiyo, nywele hazijachanwa. Nilikuwa koridoni kwenye mazoezi.

"Mgaza hajaiba!" akasema. "Mnajua hajaiba. Piano mnayo nyinyi!"

"Kaa, mama, upumue," akasema Mheshimiwa. "Piano ni kidhibiti sasa. Kidhibiti hakirudishwi kabla ya hukumu, nitakuwa navunja sheria. Kuhusu mlinzi wako, jambo ni jepesi sana. Nenda mahakamani ukaseme hukuibiwa, ataachiwa palepale."

"Basi nitakwenda."

"Nenda. Ila sheria ya pole naijua, niliitunga mwenyewe. Mgeni aliyeliliwa na taifa kwa msiba wa uongo amelidhihaki taifa. Anarudi kwao, nyumba inabaki. Mimi nitaumia sana kukupoteza, mama. Tena pole yako nitaileta mwenyewe uwanja wa ndege."

Mama Gudrun akainuka. Alitoka ameshika ukuta. Mheshimiwa akanigeukia, akaniambia kwikwi yangu ya asubuhi ile ilikuwa na kasoro.

*

Idara ina utaratibu wa kumrudia mgeni ili kuona kama pole imeingia vizuri. Nilipangiwa mimi. Nilipofika nilimkuta Mwanaidi, mke wa Mgaza, ameketi barazani, kanga mbili na mtoto mgongoni. Mama Gudrun alikuwa mbele yake, mikono mapajani. Nikakaa pembeni nisiwe kikwazo.

"Mimi sijaja kugombana, mama," alikuwa akisema Mwanaidi. "Mume wangu amekula hapa, na wanangu umewafundisha nyimbo. Nakuomba neno moja tu. Useme hakuiba. Basi."

"Mwanaidi, nikilisema neno hilo wananifukuza."

"Utakwenda kwenu."

"Kwetu sina kitu. Niliuza. Sina nyumba, sina mtu. Nina miaka sabini na minne. Nitalala wapi?"

Mwanaidi akafikiri. Nilimwona akifikiri kweli, kwa moyo mmoja, anatafuta. "Utalala kwangu," akasema. "Chumba ni kimoja, lakini watoto watalala chini. Hatuna makuu, ila njaa hutalala."

Sijapata kusikia mtu akikaribishwa namna ile, na mimi makaribisho nimeyasikia mengi, yaliyoandikwa na yaliyoimbwa. Mama Gudrun alifunika uso. Alilia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, isiyo na mpangilio, nami nilijikuta nimeshika kifua. Sikuambiwa nilie, kwa hiyo sikulia.

"Hawataniacha nikae hata kwako," akasema mwishowe. "Watanipandisha ndege."

"Pengine. Lakini yeye atatoka."

"Nitampelekea chakula kila wiki, Mwanaidi. Wewe na watoto nitawatunza. Naapa."

Mwanaidi akasimama, akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Chakula anacho, mama," akasema. "Anakosa geti la kutokea."

*

Kesi ilivuta watu wengi. Mwendesha mashtaka aliingia na picha ya piano iliyokuzwa, kwa kuwa yenyewe ilikuwa nyumbani kwa Mheshimiwa Ngwamba ikitunzwa, binti yake akiwa ameanza masomo. Hakimu, mtu mzima mwenye usingizi, aliitazama picha, kisha akamtazama Mgaza kizimbani.

"Hii ilibebwa na huyu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Kwa nini?" akauliza hakimu. "Samahani. Kwa vipi?"

"Kwa nia mbaya, Mheshimiwa. Sisi wenye nia njema tulihitaji kwaya nzima kuigusa. Hiyo yenyewe inaonyesha nia yake ilikuwa nzito kiasi gani."

Hakimu akaandika. Akamuuliza Mgaza ana la kusema. Mgaza akasema piano iliondoka machoni pake, mchana, na waliobeba anawaona hapa ukumbini, wengine amewapakulia yeye wali. Tulitazama dari. Kamanda akaeleza kwamba kukumbuka sana ni dalili ya mtu aliyepanga jambo, na hakimu akaandika hilo pia.

Kisha akaitwa Mama Gudrun. Alikuwa amevaa gauni jeusi lenye kola nyeupe, la watu wanaokwenda kanisani. Mwanaidi alikuwa benchi la mbele. Wanawake wale wawili walikuwa wametazamana, na ukumbi mzima ukanyamaza, hata wauza karanga wa dirishani.

"Mama," akasema hakimu, "swali ni fupi. Uliibiwa au hukuibiwa?"

Nilimwangalia mdomo. Ulifunguka ukafungwa. Nadhani wakati ule alikuwa na neno la kweli kabisa ulimini. Mimi ni mtu wa koo, najua neno linapopanda. Akatazama dirishani, upande ambao kuna mtaa wake na baraza yake. Kisha neno likashuka.

"Niliibiwa," akasema.

Mwanaidi hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa tu akaanza kumfunga mtoto viatu, ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari. Mgaza kizimbani alimtazama mwajiri wake, na usoni hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na ule uso anaokuwa nao mtu akiona mzee amejikwaa barabarani.

"Pole, mama," akasema.

Alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa piano. Kisha Mkurugenzi wa Idara yetu akasimama kulalamika kwamba mshtakiwa ametoa pole kwa mgeni hadharani bila kibali cha Idara, na hakimu, akiwa na haraka ya chakula cha mchana, akaongeza mwaka mmoja.

*

Wezi walirudi kutoka matangani wakiwa wamechoka lakini wameiva kwa kazi. Hawakuruka zamu. Nyumba ya Mama Gudrun haikuwa na mlinzi. Walichukua vitanda, majiko, mapazia, milango ya ndani na mabomba ya bustani. Waliacha maboksi ya karatasi za nyimbo, kwa kuwa hawakuona pa kuyauza. Asubuhi Mama Gudrun alikuja ofisini kwetu, ameshika mkoba mtupu, akaomba Idara ije.

Mkurugenzi alimpokea kwa heshima zote. Akamweleza kwamba kwa mujibu wa kanuni, nyumba moja hupewa pole moja, na ya kwake ilishaliwa. Mama Gudrun alitikisa kichwa kama anayekubali. Akaomba basi akae kidogo koridoni, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kiti. Alikaa mpaka tukafunga ofisi. Nyumba anayo bado, na hakuna wa kumfukuza. Nasikia chakula cha gerezani alikipeleka wiki chache za mwanzo, kisha miguu ikamshinda.

Mimi siku moja nilitoka kazini nikajikuta nimepita njia isiyo yangu, mtaa wa nyuma, nikabisha hodi kwa Mwanaidi. Sijui nilifuata nini. Siku hizo nilikuwa na kitu kimenikaa kifuani hakipandi wala hakishuki, na daktari wa Wizara alisema ni pilau. Mwanaidi alikuwa uani akifua nguo za watu, rundo refu kuliko yeye. Watoto wake wawili walikuwa kwenye mkeka, wanapiga vidole juu ya ubao waliouchora kama piano, wakiimba kila sauti mahali pake.

"Karibu, kaka," akasema. "Umetumwa?"

"Hapana. Nimekuja tu."

Akanipangusia kigoda, akanipa maji. Nikataka kusema pole, nikakumbuka sina kibali. Nikayashika maji yale, na lile la kifuani likaanza kupanda lenyewe, bila zamu, bila kwikwi za kuanzia, likanifika shingoni. Mwanaidi aliona. Aliacha kufua, akaja akainama karibu yangu, mikono ina povu.

"Usilie hapa, kaka," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nimewaambia baba yao amepata lindo la mbali. Ukilia, watajua."

Nikameza. Nikamaliza maji, nikawasifu watoto kwa wimbo wao, nikaaga.